Kibali cha ujenzi bado hakijavuka mpaka

Lori la mahindi likiondoka Arusha alfajiri linaweza kumaliza taratibu za forodha za nchi mbili ndani ya jengo moja pale Namanga. Kituo hicho cha pamoja kilizinduliwa Desemba 1, 2018 na marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta, na tangu siku hiyo ofisa wa Tanzania na ofisa wa Kenya wanakaa chini ya paa moja. Lakini mwenye mahindi huyohuyo akitaka kujenga stoo ya kuyahifadhi, paa hilo halimsaidii kitu. Upande wa kusini atakwenda Halmashauri ya Wilaya ya Longido. Upande wa kaskazini atakwenda Serikali ya Kaunti ya Kajiado. Fomu tofauti, ada tofauti, sheria tofauti, na mara nyingi kishoka tofauti anayemsubiri nje ya geti.

Hapa ndipo mtangamano wa Afrika Mashariki uliposimama, na ulisimama kwa makusudi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha biashara katika Ibara ya 13 na haki ya ukaazi katika Ibara ya 14. Kisha inafuata Ibara ya 15, ambayo inasema upatikanaji na matumizi ya ardhi na majengo vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa lugha ya sokoni: karibu ufanye biashara, ila habari ya mahali pa kuifanyia muulize mwenyeji wako.

Ibara hiyo haikuandikwa kwa bahati mbaya. Tanzania ilikuwa na msimamo mkali juu ya ardhi katika mazungumzo ya itifaki, na hofu yake ina msingi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji unaotambuliwa kisheria. Kenya nayo, katika Ibara ya 65 ya Katiba yake ya 2010, inampa asiye raia upangaji wa muda usiozidi miaka 99 tu. Uganda ina kikomo hichohicho cha miaka 99 kwa mgeni. Hakuna mwanakijiji wa Longido wala mfugaji wa Kajiado anayetaka kuamka na kukuta malisho yamegeuka maghala ya watu asiowajua, na hakuna mfanyabiashara mwenye haki ya kumbeza kwa hilo.

Lakini kibali cha ujenzi si umiliki wa ardhi. Umiliki unajibu swali la nani mwenye kiwanja, na hilo ni swali la siasa, la historia, la uraia. Kibali kinajibu maswali mengine kabisa. Je, ukuta huu utasimama? Gari la zimamoto litapita? Choo kiko umbali gani na kisima? Mtaro wa maji ya mvua umezibwa au haukuzibwa? Maswali haya hayana uraia. Tofali bovu la Sirari litaporomoka kama tofali bovu la Isebania. Serikali zinapoyatia maswali haya mawili katika kapu moja na kulifunga kwa Ibara ya 15, anayeumia ni mtu mwenye mtaji wa stoo moja.

Na anaumia vipi? Kwanza kwa jina la kuazima. Kila mtu mpakani anaujua mtindo huu, hata wale wanaoukana. Mfanyabiashara wa upande mmoja anatafuta shemeji, rafiki au mpangaji mwenza wa upande wa pili. Kiwanja kinaandikwa jina la mwenyeji, maombi ya kibali yanapelekwa kwa jina la mwenyeji, kodi ya ardhi inalipwa kwa jina la mwenyeji. Fedha ya saruji, nondo na mabati inatoka kwa mgeni. Kati yao kuna karatasi ya makubaliano iliyoandikwa kwa mkono, pengine hata hiyo haipo. Siku shemeji akifariki, au akioa mke wa pili, au akikopa benki akiweka lile jengo dhamana, ndipo mgeni anapotambua kwamba mbele ya halmashauri yeye si mtu. Ramani haina jina lake. Barabara ikipanuliwa, fidia itamfuata mwenye jina.

Hali imekuwa ngumu zaidi tangu Julai 2025, Tanzania ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo biashara ya jumla na rejareja ya bidhaa, isipokuwa kwa maduka makubwa na vituo maalumu vya jumla, pamoja na ununuzi wa mazao shambani. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakiuka itifaki. Ubishi huo ni wa mawaziri, na waachiwe mawaziri. Kwa mfanyabiashara matokeo ni kwamba jina la kuazima limepanda bei. Mwenyeji anayejua kwamba mwenzake hana mahali pa kulalamika anaweza kudai chochote.

Wenye fremu za kupanga nao wana jambo lao, na hili linawahusu hata wale wasiovuka mpaka kwa lolote. Mama anayeuza mitumba amepanga nyumba ya kuishi, akabomoa dirisha la mbele, akaweka mlango wa chuma wa kukunja, akaunganisha vyumba viwili. Fundi kamwambia ni kazi ya siku tatu. Kwa sheria, amefanya mambo mawili yanayohitaji ruhusa: amebadilisha muundo wa jengo, na amebadilisha matumizi yake kutoka makazi kwenda biashara. Hili la pili ndilo linalosahauliwa kabisa, na ndilo lenye mlolongo mrefu zaidi, kwa sababu majirani wana haki ya kujulishwa na kutoa maoni. Kwa kuwa mpangaji si mwenye kiwanja, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuomba. Wenye nyumba wengi hawaombi. Wanapokea kodi ya mwaka mzima na kunyamaza, na ofisa wa mipango miji akifika anayemkuta dukani ni mpangaji.

Kinachowapoteza wengi ni stakabadhi. Mtu ana leseni ya biashara, amelipia ushuru, amelipia taka, kila karatasi ina nembo ya halmashauri. Anaamini kwamba mamlaka iliyopokea fedha yake kwa duka hili imelikubali jengo la duka hili. Haikulikubali. Idara ya biashara inatoa leseni, idara ya mipango miji inatoa kibali, na mara nyingi idara hizi mbili hazizungumzi ijapokuwa zinatenganishwa na korido. Hapa lawama iwe ya halmashauri na kaunti zenyewe. Kupokea ada ya mtu kwa miaka mitano juu ya jengo unalojua halina kibali, kisha mwaka wa sita ukaja na tingatinga, huko si kusimamia sheria.

Tingatinga kwa Tanzania lina historia yake. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Ndiyo asili ya zile alama za X: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, asiye na madai ya fidia, ya kijani kwa aliyekutwa na ile nyongeza ya mita 7.5. Miji ya mpakani imejipanga kandokando ya barabara kuu kama shanga kwenye uzi, kwa sababu hapo ndipo malori yanaposimama. Kwa hiyo mfanyabiashara anayetafuta pahali penye wateja anavutwa moja kwa moja kwenye ukanda wa hatari. Futi kamba ya fundi ingemwambia ukweli kwa dakika kumi kabla ya kuchimba msingi.

Upande wa Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa adhabu anayejenga bila ruhusa ya kaunti: faini isiyozidi shilingi 500,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu ambacho wafanyabiashara wangepaswa kukijua kama wanavyojua bei ya dola. Mwombaji asipopewa jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa itachukuliwa kuwa imetolewa. Akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya kaunti, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu hicho cha siku 60 kina thamani kwa mwenye ushahidi wa tarehe aliyowasilisha maombi. Asiye na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa hana siku ya kwanza ya kuhesabia. Na hata mwenye ushahidi huo asidhani kimya cha kaunti kinamruhusu kujenga juu ya hifadhi ya barabara.

Mtanzania asichukue kanuni hiyo ya Kenya na kuihamishia Longido au Tarime. Upande wake ashike karatasi mkononi ndipo aweke tofali. Uganda nako watu hujidanganya kwamba kibali ni cha Kampala tu. Sheria ya Mipango ya 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo kibanda cha matofali cha Busia au Mutukula kinaguswa sawasawa na ghorofa la mjini.

Wapo wanaosema vibali ni mradi wa maofisa wa kula chai, na njia ya kishoka ni ya haraka. Malalamiko ya rushwa si ya kubuni. Lakini Jumamosi ya Novemba 16, 2024, asubuhi, ghorofa liliporomoka Kariakoo, soko ambalo wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro wanalijua vichochoro vyake vyote. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya eneo zima. Kabla ya siku ile, ukaguzi wa majengo ulionekana kuwa usumbufu kwa watu wengi waliokuwa wakipanga bidhaa zao humo.

Jengo zuri lina faida ya biashara pia, mbali na kunusuru roho. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayafungulia kwa masharti: muagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu hustawi penye unyevu. Stoo yenye sakafu inayovuta maji, isiyo na matundu ya hewa, iliyozibwa mabati pande zote ili mwizi asipite, inaweza kuharibu nafaka iliyotoka shambani ikiwa safi. Ofisa anayesoma ramani na kuuliza hewa itapita wapi anamsaidia mwenye mzigo hata kama hajui lolote kuhusu mahindi.

Basi kinachotakiwa hakihitaji kuifungua upya Ibara ya 15. Ndani ya vituo vya pamoja vya Namanga, Holili na Taveta, Busia, Mutukula na Rusumo, uhamiaji na forodha wana madirisha yao. Liongezwe dirisha moja la mamlaka za mitaa za pande zote mbili, hata kwa siku mbili kwa wiki. Ubandikwe ukutani, kwa Kiswahili, mlolongo wa maombi na ada zake, ili kishoka akose cha kuuza. Ramani za kawaida za stoo ndogo na fremu, zilizokwisha kupitishwa na wahandisi wa pande zote mbili, zitolewe kwa bei ya kurudufu. Mwenye mtaji mdogo hashindwi na matofali, anashindwa na gharama ya mchoro. Na fomu ya maombi iwe na nafasi ya jina la mpangaji anayegharamia ujenzi, kando ya jina la mwenye kiwanja. Hilo halimpi mgeni hata inchi moja ya ardhi. Linamweka tu kwenye kumbukumbu, ili siku ya fidia au ya ugomvi awe na mahali pa kuonyesha kidole.

Jumuiya ilikwisha kufanya jambo la namna hii kwenye bidhaa. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa ni wa bidhaa zilizoorodheshwa, unavuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani, na mwenye kapu la nyanya hajazwi fomu za mwenye kontena. Hakuna nchi iliyopoteza mamlaka ya forodha yake kwa sababu hiyo. Makatibu wa halmashauri na kaunti za mpakani hawana haja ya kusubiri mkutano wa wakuu wa nchi kuazima wazo hilo. Longido na Kajiado zinatenganishwa na geti ambalo watu wao wanalivuka kwa miguu kwenda kununua sukari.