Chuma cha Mashua Kina Mwenyewe

Askari, awe wa jeshi au wa polisi, hufundishwa kujitegemea tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Hushona kifungo chake, husafisha silaha yake, huchimba handaki lake, na gari likikwama hulikwamua mwenyewe. Tabia hii ni njema, nasi hatuna nia ya kuitia doa. Lakini kila tabia njema ina mpaka wake. Leo twataka kuuonyesha mpaka mmoja ambao ni rahisi kuuvuka bila kujua: kujichomelea mwenyewe vyuma vya mashua vilivyofanywa kwa chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi wa mitaani hukiita stenlesi.

Jambo hili lawahusu kwanza walioko Jinja, mji uliokua kwa viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Ziwa Viktoria liko mlangoni pao, na pale Masese mashua hufika na kuondoka. Walioko Mbale wasidhani kwamba hayawahusu kwa kuwa mji wao uko chini ya mlima. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu na kubomoa nyumba. Askari wa bara naye anaweza kuamriwa kupanda mashua ya uokoaji wakati wowote. Tena, mwenzake wa Jinja akimwagizia pete ya kamba au kishikio cha injini, kwa sababu tu ni hodari wa kuchomelea mageti na bodi za malori, basi maisha ya watu wa ziwani yamo mikononi mwake.

Kwa nini fundi wa geti asiwe fundi wa pete ya mashua? Jibu limo katika chuma chenyewe. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikitengeneza mwaka 1913. Siri yake ni kromiamu, isiyopungua sehemu kumi na nusu katika mia. Kromiamu ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio ngao ya chuma.

Mchomeleaji asiyejua huivunja ngao hiyo kwa njia tatu. Kwanza ni joto. Chuma kikikaa mno katika joto la kati ya digrii 425 na 850 za Selsiasi, kaboni iliyomo huinyakua kromiamu, na sehemu zilizo kando ya mshono hubaki bila kinga. Pili ni uchafu. Brashi ya waya au jiwe la kusagia lililokwisha kugusa chuma cha kawaida hupandikiza chembe ambazo baadaye huota kutu. Tatu ni vijiti. Vijiti vya geti vikitumika hapa, mshono wenyewe huliwa. Zaidi ya hayo, chuma hiki hutanuka kwa joto kuliko chuma cha kawaida, na asiyekijua hukipinda.

Ubaya ni kwamba siku ya kwanza mshono mbovu hung'aa sawasawa na mshono mzuri. Geti likikatika bawaba, mwenye nyumba hulisimamisha kwa jiwe, akalala. Kishikio cha injini kikikatika usiku, katikati ya mawimbi, hakuna jiwe la kukisimamishia.

Huenda mtu akasema kwamba ziwa letu ni la maji baridi, wala halina chumvi ya bahari. Ni kweli, na ndiyo sababu stenlesi ya namba 304 aghalabu yatosha hapa, ilhali baharini hutakiwa ile ya namba 316. Lakini maji baridi hayasamehi mshono uliochafuliwa. Huenda mwingine akasema kwamba fundi ni ghali. Nasi twamwuliza: mashua ni bei gani? Na abiria je? Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama karibu na pwani ya Mukono, wakafa watu zaidi ya thelathini. Serikali ilieleza kwamba chombo kilijaza watu kupita kiasi na kilikuwa kibovu. Hatusemi kwamba kosa lilikuwa la mchomeleaji. Twasema kwamba ubovu wa chombo hudai roho za watu.

Hata hivyo, si kila ajiitaye fundi ni fundi. Mwulize anatumia kijiti gani; kwa stenlesi ya 304, ajibu 308 yenye herufi L. Mwulize kama ana brashi na jiwe vya stenlesi peke yake. Mwulize ataiondoaje rangi ya buluu inayobaki kando ya mshono, kwani ikiachwa chuma huoza. Mtake akuonyeshe kazi yake ya miaka iliyopita. Akikasirika kwa kuulizwa, mwage kwa adabu uende zako.

Nawe askari unayo kazi yako. Pima mwenyewe, kata kiolezo cha kadibodi, toboa, funga kwa bolti, na kagua kila mshono kabla ya safari. Kitanda na geti la nyumbani vichomelee, lakini mahali penye hewa: mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliutaja moshi wa kuchomelea kuwa chanzo cha saratani, na moshi wa stenlesi una sumu ya kromiamu ndani yake.

Kwa makamanda twatoa rai moja. Kujitegemea kwa kweli si kila askari kubahatisha kila kazi; ni kikosi kuwa na mjuzi wake. Wachagueni vijana wenye mikono mitulivu, wapelekwe vyuo vya ufundi, wapewe karakana na vifaa visivyochanganywa na vya chuma cha kawaida. Ujuzi huo utalinda doria leo, na utamlisha askari atakapostaafu.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ziwani hakuna ukuta wa kujenga. Ufa na uzibwe nchi kavu, na uzibwe na ajuaye.