Kipaji Hakifuti Kosa



Mtu akiteremka stendi ya Korogwe jioni ya siku ya ligi, au akiketi katika baraza ya kahawa pale Chanika mjini Handeni, hakosi kusikia mabishano ya namna moja: fulani ni fundi wa mpira, lakini ni msumbufu, je, timu imbakize au imwache? Mabishano hayo huanza na Simba na Yanga, kisha huteremka hadi kwenye timu zetu wenyewe za mitaani na vijijini, ambako kila moja inaye kijana wa aina hiyo. Tumewasikiliza wanaosema abakizwe na wanaosema afukuzwe, na tumeona kwamba wote wawili wanakwepa jambo la msingi. Kabla ya kuuliza kama mchezaji abaki, yatupasa kuuliza kama sheria ya timu inamhusu yeye sawasawa na inavyomhusu yule anayekula benchi. Ikiwa haimhusu, basi timu hiyo haina sheria, na abaki au aondoke hakuna kitakachotengenea.

Hatuandiki haya kwa ushabiki. Tunachukua mfano unaojulikana na kila mpenda mpira nchini, nao ni wa winga wa Kighana, Bernard Morrison. Alijiunga na Yanga mwanzoni mwa mwaka 2020. Tarehe 8 Machi mwaka huo aliifunga Simba kwa mkwaju wa adhabu, Yanga ikashinda bao 1-0, naye akawa kipenzi cha nusu ya nchi. Miezi minne baadaye, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani ambayo Yanga ilifungwa na Simba mabao 4-1, alitolewa uwanjani kipindi cha pili, na badala ya kuketi na wenzake akaondoka zake uwanjani kabisa. Mwezi Agosti akatangazwa kuwa mchezaji wa Simba. Yanga ikadai bado ina mkataba naye. Kamati ya TFF ikaona mkataba uliodaiwa una kasoro, na shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ambako Yanga ilishindwa mwaka 2021.

Sasa tazama yaliyofuata. Kwa muda wa miaka miwili Morrison aliitwa msaliti upande mmoja na shujaa upande wa pili. Mwezi Mei 2022 Simba ikaachana naye kabla msimu haujamalizika. Mwezi Julai mwaka huohuo Yanga, ileile iliyokuwa imempeleka CAS, ikamtangaza tena kuwa mchezaji wake, na waliomlaani jana wakamshangilia leo. Tunauliza: je, ni kipi kilichobadilika? Je, tabia yake ilikuwa imepimwa upya? Kilichobadilika ni jezi. Wengi wetu tulimhukumu mtu yuleyule kwa hukumu mbili zinazopingana, na kipimo chetu mara zote mbili kilikuwa rangi ya nguo aliyovaa. Huo si uadilifu, na anayehukumu hivyo katika mpira atahukumu hivyo katika kikao cha kijiji na katika baraza la ukoo.

Wapo wanaotujibu kwamba mpira ni mabao, na kwamba mambo ya tabia tuwaachie walimu wa madrasa. Hoja hii inasikika tamu, lakini haisimami. Timu ni watu kumi na moja uwanjani na wengine wengi benchi. Mmoja akichelewa mazoezini akasamehewa kwa sababu anafunga, wa pili atachelewa kesho akiuliza kwa nini mwenzake alisamehewa, na kocha hatakuwa na jibu. Kidogo kidogo kocha anageuka msemaji wa mchezaji wake mwenyewe. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema kila anayeleta utata atupwe nje mara moja. Nao tunawapinga, kwa sababu si kila utata una mkosaji mmoja. Tulikumbuke shauri la Feisal Salum, kijana wa Zanzibar aliyeingia Yanga mwaka 2018. Mwezi Desemba 2022 aliiwekea klabu shilingi milioni 112 akitaka kuvunja mkataba wake, akilalamikia maslahi. Klabu ikazirudisha fedha hizo. Kamati ya TFF ikaamua mwezi Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na ombi lake la marejeo likagonga mwamba. Hadi mwezi Juni, Rais Samia Suluhu Hassan alipoishauri klabu imalize jambo hilo, ndipo akauzwa kwa Azam.

Sisi tunajua uzito wa mkataba katika dini yetu, wala hatumtetei anayetia saini kisha akaondoka. Lakini mkataba una pande mbili. Kiongozi anayemshika kijana kwa karatasi huku hataki kuyasikiliza malalamiko yake, naye anapaswa kuulizwa. Isitoshe, tuangalie matokeo. Nusu ya pili ya msimu wa 2022/23 Yanga ilicheza bila Feisal, ikachukua ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Msimu uliofuata Feisal aliifungia Azam mabao 19 katika ligi. Timu haikufa kwa kumkosa, wala yeye hakufa kwa kuikosa. Wale waliosema kwamba bila fulani hakuna ushindi walikuwa wanajitisha bure, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya viongozi wengi wapige magoti mbele ya mchezaji mmoja.

Basi njia ya haki ni ipi? Mfano mmoja unatoka Uingereza. Mwezi Januari 1995 Eric Cantona wa Manchester United, aliyekuwa nguzo ya timu yake, alipewa kadi nyekundu, na akiwa anatoka uwanjani akamrukia mtazamaji kwa teke. Klabu yake yenyewe ilitangulia kumsimamisha hadi mwisho wa msimu na kumtoza faini, kisha chama cha mpira kikaiongeza adhabu hiyo hadi mwisho wa Septemba. Mahakama nayo ikamhukumu saa 120 za kuitumikia jamii. Mwaka huo Manchester United iliukosa ubingwa. Lakini klabu haikumtupa. Alipoimaliza adhabu alirudi, na msimu wa 1995/96 timu ikatwaa ubingwa na Kombe la FA. Hapo adhabu ilitangulia na msamaha ukafuata, na klabu ilikubali kupata hasara kwa ajili ya haki. Wengi wa viongozi wetu huutaka msamaha bila adhabu, na hasara hawaitaki kabisa.

Wala jambo hili si geni kwetu Waislamu. Sote tunakijua kisa cha mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba, na jamaa wakatafuta mtu wa kumwombea kwa kuwa alitoka katika nyumba kubwa. Mtume (s.a.w.) aliyakataa maombezi hayo, akakumbusha kwamba umma uliotangulia uliangamia kwa kuwaachia wakubwa na kuwaadhibu wanyonge. Mwenye kipaji leo ndiye mkubwa wa uwanjani. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Tunarejea sasa nyumbani. Wilaya ya Handeni iliwahi kuwa na timu katika Ligi Kuu, JKT Mgambo ya Kabuku. Msimu wa 2015/16 timu hiyo ilishuka daraja pamoja na Coastal Union na African Sports. Timu tatu za mkoa mmoja katika msimu mmoja. Coastal Union ilirejea mwaka 2018. Hatudai kwamba zilishushwa na utovu wa nidhamu. Tunachosema ni kwamba wachezaji wa kuzipandisha timu zetu watatoka katika viwanja vya vumbi vya Mkata, Sindeni, Mombo na Magoma, na huko ndiko wanakoharibiwa mapema. Kijana wa miaka kumi na sita anayejua kupiga chenga hununuliwa kama mamluki wa ndondo, leo timu hii, kesho ile, kwa posho ya mfukoni na bila maandishi. Akimtukana mwamuzi, mfadhili humwombea. Akimpiga mwenzake, wazee huambiwa fainali ni Jumapili, mambo hayo yasubiri. Ikifika siku ya kujaribiwa na timu kubwa, anashangaa kwamba huko kuna saa ya kuamka na kocha asiyebembeleza. Anarudi kijijini na kipaji chake, na sisi tunasema hakuwa na bahati. Ukweli ni kwamba sisi ndio tuliomdekeza.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa timu za Handeni na Korogwe mambo matatu. Kwanza, kanuni za timu ziandikwe na kusomwa mbele ya wachezaji wote kabla ya mashindano, na adhabu zake zitajwe. Pili, makubaliano na mchezaji, hata yakiwa ya posho ndogo, yaandikwe na yalipwe kwa wakati, ili asiyelipwa asiitwe msumbufu kwa kudai haki yake. Tatu, mkosaji aadhibiwe hata kama kesho ni fainali, na akishamaliza adhabu apokewe bila masimango.

Timu itakayofanya hivyo huenda ikalikosa kombe la mbuzi la mwaka huu. Na ilikose. Mbuzi huliwa siku moja. Kijana aliyejifunza kwamba sheria inamhusu atabaki nasi akiwa baba, jirani na kiongozi.