Kompyuta Isiyowaka ni Somo Lililolala Stoo

Si jambo la ajabu siku hizi kukuta, katika stoo ya shule ya msingi, kompyuta kuukuu ya mezani iliyofunikwa gunia, na juu yake yamepangwa madaftari ya zamani na mipira iliyopasuka. Ukiuliza habari zake utajibiwa kwa neno moja: “Imekufa.” Ukiendelea kuuliza ni nani aliyethibitisha kifo hicho, na kwa njia gani, aghalabu hupati jibu. Siku moja kitufe kilibonyezwa, mashine haikuwaka, na hukumu ikapitishwa.

Sisi twaona kwamba hukumu ya namna hii huleta hasara mbili. Ya kwanza ni hasara ya chombo, kwani watoto wa darasa la sita huchorewa kompyuta ubaoni kwa chaki, hali chombo chenyewe kimelala hatua chache kutoka darasani. Hasara ya pili ni kubwa zaidi: shule imepoteza somo zuri la kufikiri. Twashikilia kwamba yampasa kila mwalimu wa shule ya msingi kujua kuitafuta hitilafu hatua kwa hatua, na kuwafundisha watoto utaratibu huo, hata kama mwishowe mashine haitafufuka.

Wazo lenyewe si geni katika elimu. Mwaka 1910 mwanafalsafa wa Marekani, John Dewey, alieleza kwamba fikra ya kweli huanza mtu anapokwama. Kisha hulitambua tatizo lake lilipo, hubuni ufumbuzi unaowezekana, huyapima kwa akili matokeo yake, na mwisho hujaribu ili akubali au akatae. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zetu zijenge akili ya kudadisi. Mashine isiyowaka humpa mwalimu mambo hayo yote juu ya meza moja.

Na tuufuate utaratibu wenyewe. Kwanza, hapana budi kuuliza: “haiwaki” maana yake nini? Je, hakuna taa wala sauti yoyote? Au feni inazunguka lakini kioo ni cheusi? Au mashine huwaka kitambo kisha ikazimika? Hayo ni matatizo matatu mbalimbali. Mara nyingine kompyuta ni nzima kabisa, ila kioo, ambacho kina waya wake wenyewe, hakikuchomekwa. Mwalimu asiyetenganisha dalili atahangaika bure.

Pili, tuanze nje kabla ya kuingia ndani, na tuanze na vitu rahisi kabla ya vigumu. Kabla ya kuchomeka chochote, na tutazame nyuma ya sanduku. Mashine nyingi za zamani zina swichi ndogo iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wa nchi yetu ni wa volti 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda swichi yake ikawa kwenye 115, na kuichomeka hivyo ni kuiua. Hapo hapo nyuma huweza kuwapo swichi nyingine yenye alama za 1 na 0. Ikiwa kwenye 0, kitufe cha mbele hakiwezi kufanya kazi hata kikibonyezwa mchana kutwa.

Kisha tuijaribu soketi ya ukutani kwa taa au chaja ya simu tunayojua kuwa ni nzima. Tuitazame fyuzi iliyomo ndani ya plagi. Baada ya hapo tuujaribu waya. Kioo cha kompyuta nyingi za zamani hutumia waya wa aina ile ile inayotumiwa na mashine. Basi tuuchukue waya wa kompyuta tuutie kwenye kioo. Kioo kikipata umeme, waya hauna kosa, na soketi haina kosa. Hatukutumia senti moja, nasi tumekwisha waondolea lawama washtakiwa wawili.

Tatu, tuchomoe waya, tubonyeze kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki ndani utoke, kisha tungoje dakika chache na kujaribu tena. Safari nyingine hilo latosha. Lisipotosha, waya uchomolewe tena na sanduku lifunguliwe, kazi ambayo ni ya mwalimu wala si ya watoto. Aguse kwanza chuma cha sanduku, ili umeme tuli wa mwilini usiharibu vipande vya ndani. Afute vumbi kwa brashi laini na kuvikaza viungo vilivyolegea. Avichomoe vibao vya kumbukumbu na kuvirudisha mahali pake kwa uthabiti. Azitazame kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya ubao mkuu. Vikiwa vimevimba vichwa au vimetoka majimaji, dalili ni mbaya. Mashine nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zilipatwa na ugonjwa huo kwa sababu ya kapasita zenye kasoro.

Nne, umeme ukirudishwa, atazame kama kuna taa ndogo inayowaka juu ya ubao. Mbao nyingi zinayo, nayo huigawa njia yetu mara mbili. Ikiwaka, umeme unafika hadi ndani, na shaka ihamie kwenye kitufe au kwenye ubao. Kitufe nacho hupimika: baada ya kuchomoa umeme tena, nyaya zake mbili nyembamba zaweza kuondolewa, na mahali pake pakatiwa nyaya za kitufe cha kuanzishia upya. Mashine ikiwaka kwa kitufe hicho cha pili, mkosaji amejulikana. Ikiwa hakuna taa hata moja, shaka kubwa yaangukia kikasha cha umeme, kile kinachobadili umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3. Njia ya salama ya kukipima ni kukiweka kando na kutia kingine kizima cha aina hiyo hiyo.

Hapa ndipo penye mpaka. Kikasha hicho kisifunguliwe kamwe. Ndani yake mna kapasita ambazo huweza kuhifadhi umeme wa zaidi ya volti 300, hata baada ya waya kuchomolewa. Mwalimu aliyefika hapo amemaliza kazi yake, na sasa amwite fundi. Lakini atamwita akiwa na daftari mkononi linaloonyesha yaliyojaribiwa na yaliyoonekana. Fundi hatalipwa kwa kubadili fyuzi, wala shule haitauziwa kifaa isichokihitaji.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya mafundi, nasi tuliajiriwa kufundisha. Twawajibu kwamba hatumtaki mwalimu awe fundi wa umeme. Twamtaka aweze kuuliza swali, kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kuandika matokeo. Anayebadili waya, fyuzi na kitufe kwa pamoja, kisha mashine ikawaka, hakujifunza lolote, maana hajui ni kipi kilichokuwa kibovu. Wengine watasema kwamba shule yao haina kompyuta wala umeme. Hao na wachukue tochi ya betri mbili. Watie betri moja iliyokwisha, au walegeze glopu, kisha wawaulize watoto kwa nini haiwaki. Betri, glopu, swichi, kiungo: njia ya kufikiri ni ile ile.

Katika kufundisha, ubao ugawanywe sehemu tatu: Tulichoshuku, Tulichofanya, Tulichoona. Watoto watoe dhana zao, na kila dhana iandikwe, hata ile inayochekesha. Mwalimu asitoe jibu. Kazi yake ni kuuliza, “Tutajuaje?” Mtoto anayesema “labda soketi ni mbovu” aulizwe ni jaribio gani litakalomthibitisha au kumkanusha. Kipindi kikimalizika na mashine bado kimya, kisihesabiwe kuwa kimeshindwa. Kuondoa shaka tano kati ya sita ni maarifa.

Iko sababu nyingine inayotufanya tulikazie jambo hili. Mwalimu mwenye desturi ya kusema “imekufa” baada ya kubonyeza kitufe mara moja, tunamwogopea mbele ya watoto. Ndiye atakayesema baada ya majuma mawili kwamba mtoto fulani hana akili, kabla hajauliza kama mtoto huyo anauona ubao kutoka dawati la nyuma, kama anasikia vizuri, kama amekula asubuhi, au kama lugha ya somo anaielewa. Mtoto si mashine, na hatumfungui kwa bisibisi. Lakini naye anastahili kuchunguzwa kwa taratibu kabla ya kuhukumiwa, na hukumu juu yake hudumu miaka mingi kuliko hukumu juu ya sanduku la chuma.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, mtakapopelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, ombeni ruhusa ya mwalimu mkuu mfunguliwe stoo. Ondoeni gunia, tazameni ile swichi ya nyuma kabla ya kuchomeka waya, na daftari liwe wazi mezani.