Ndeke Moja, Kazi Mbili



Iko helikopta ndogo iitwayo Alouette III. Ilitengenezwa Ufaransa, ikaruka mara ya kwanza tarehe 28 Februari 1959. Haitaki uwanja mrefu wa ndeke. Inapakia dereva na watu 6, ao wagonjwa 2 juu ya machela pamoja na waangalizi 2. Juni 1960, mwezi ule ule tuliopata uhuru, ilitua juu ya mlima Mont Blanc, mita 4,810, na watu 7 ndani.

Lakini Novemba 1977 askari wa Rhodesia waliifungia ndeke hiyo hiyo mizinga ya milimita 20, wakashambulia kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe kule Chimoio, Msumbiji. Wanawake na watoto walikuwamo. Chuma ni kile kile. Amri ndiyo iliyogeuka.

Mimi ni karani wa mgodi. Kwetu kila chombo kina daftari: nani alikitwaa, kwa kazi gani, saa ngapi. Basi serikali ikinunua helikopta kwa feza ya shaba yetu, sisi tuombe daftari. Saa ngapi kwa askari? Saa ngapi kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, huko mvua imekata barabara?

Hatumkatazi askari kulinda mpaka. Tunakataa mali ya wote kuwa ya bunduki peke yake. Tuwaulize wabunge wetu waziwazi, na wajibu: machela ipakiwe kwanza.