MTAA MZIMA UKIKUBALI, OVU LINAKUWA JEMA?



Kijana mmoja wa darsa kaniuliza: "Sheikh, jema na baya si ni yale tu ambayo jamii imekubaliana?" Nikamwambia, twende Mbagala. Mtu kapigiwa kelele "mwizi!", hujajua kaiba nini, tairi limeshavishwa shingoni. Mtaa mzima umekubali. Magazeti yataandika "wananchi wenye hasira kali". Basi limekuwa jema?

Rudi kesho yake uulize nani alileta petroli. Hakuna. Kila mtu "nilikuta ameshapigwa". Jana mlikubaliana, leo mnaficha nini? Nawwas bin Sam'an alimuuliza Mtume (s.a.w) kuhusu wema na dhambi, akajibiwa kuwa dhambi ni lile linalokukera kifuani na ukachukia watu walijue. Vifua vilijua tangu jana, kelele tu zilivizidi.

Lakini kifua pekee hakitoshi. Yupo aliyerusha jiwe huku anarekodi kwa simu, anacheka. Huyo moyo umeshakufa ganzi, anahitaji wahyi umwambie. Na ameshaambiwa: Mtume kakataza kuadhibu kwa moto. Maiz alikuja mwenyewe kukiri zinaa, akarudishwa mpaka akakiri mara nne. Sisi ukelele mmoja unatutosha.

Uchungu wa kuibiwa naujua, viatu vyangu vimeshachukuliwa msikitini si mara moja. Sisemi aachiwe. Mkamateni, mwiteni mwenyekiti wa mtaa, mpelekeni kituoni akiwa hai.

Wallahu a'lam.