MKULIMA NA KIBANJA CHAKE: Otesha marando ya vanila nyumbani



Mbegu ya vanila ni ndogo kama vumbi. Huwezi kuipanda shambani. Vanila hupandwa kwa rando, kama viazi vitamu. Lakini usiipande kwa namna ya viazi vitamu. Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha zao.

Mimi nilipoteza marando 20. Niliyanunua asubuhi, nikayapanda jioni. Nilichimba mashimo marefu. Nikafukia nusu ya kila rando na kushindilia udongo kwa kisigino. Kisha nikamwagilia maji asubuhi na jioni. Baada ya wiki 3 nilifukua moja. Lilikuwa jeusi na lilinuka. Mengine yote yalikwenda vivyo hivyo.

Kwa nini yalioza? Vanila ni jamaa ya okidi. Labda umewahi kuona msituni maua yanayoota juu ya matawi ya miti mikubwa, mizizi yake ikining'inia. Hizo ni okidi. Vanila ilitoka katika misitu ya Mexico na nchi jirani. Huko hupanda juu ya miti, na mizizi yake hukaa katika majani yaliyooza juu ya ardhi. Mizizi hiyo inataka unyevu, lakini inataka hewa pia. Mimi niliinyima hewa.

Sasa sikiliza namna ya kuotesha. Ikiwa una mmea mmoja wenye afya, au jirani anao, huna haja ya kununua marando mengi.

Chagua mmea wenye majani ya kijani, usio na madoa. Mmea ulionyauka, au wenye mizizi iliyooza na kuwa ya kahawia, usiuguse hata kama unapewa bure. Ugonjwa utakuja nao nyumbani kwako. Kabla ya kukata, pitisha kisu katika moto. Fanya hivyo tena kila unapohamia mmea mwingine, kwa sababu utomvu hubeba magonjwa.

Kata kipande chenye vifundo 5 au 6. Kifundo ni mahali jani linapotokea. Angalia vizuri upande wa juu na upande wa chini. Jicho la rando hukaa juu ya shina la jani. Rando likigeuzwa kichwa chini, litakusumbua. Ondoa majani 2 ya chini kwa kuyazungusha polepole, usichane ngozi ya rando.

Usipande siku hiyo. Tundika marando kivulini, mahali penye hewa, kwa muda wa wiki 1. Yatalegea kidogo. Usiogope. Kidonda kinakauka, na rando lililolegea halivunjiki unapolikunja.

Tafuta mfuko mpana au kopo kubwa la zamani. Toboa matundu mengi chini. Changanya makopo 2 ya mboji iliyooza kabisa, kopo 1 la udongo wa juu na kopo 1 la mchanga. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Chora mfereji mdogo wenye kina cha vidole 2. Laza humo vifundo 2 vya chini, uvifunike kwa mboji. Ile ncha uliyoikata iache nje, juu ya udongo. Wengi hawaamini jambo hili, lakini ncha ikifukiwa ndiyo huanza kuoza. Sehemu ya juu ifunge kwenye kijiti.

Weka makopo chini ya migomba, mahali jua linapopenya nusu tu. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole katika mboji. Kama kidole kinatoka na unyevu, ngoja mpaka kesho.

Mizizi huanza baada ya wiki 4 mpaka 8. Usivute rando kuona kama limeshika! Jicho likichipua utajua.

Chipukizi likifika urefu wa mkono wako, hamishia kibanjani mvua zinapoanza. Mti wa kupandia uwe umeshaota tangu mwaka uliopita. Mbono kaburi au glirisidia inafaa. Mwagilia kopo siku moja kabla. Chana mfuko, toa mche pamoja na udongo wake, usikung'ute mizizi. Uweke juu ya ardhi karibu na mti, na kuuzungushia mboji na majani makavu. Funga rando kwenye mti kwa kamba ya mgomba. Waya na nailoni hukata ngozi yake.

Rando fupi la namna hii huchelewa kutoa maua kuliko rando la mita 1. Huenda ukangoja miaka 3 au zaidi. Kwa hiyo using'oe kahawa wala migomba. Bei ya vanila hupanda na kushuka vibaya. Mwaka 2003 ilikuwa juu sana duniani, na kufika mwaka 2005 ilikuwa imeanguka. Fikiri mtu aliyekopa fedha mwaka 2003 ili anunue marando. Alipovuna, alikuta bei gani? Wewe uliyeotesha kwenye kopo la zamani hudaiwi na mtu.

Jambo moja la jembe. Mizizi ya vanila hutambaa juu juu, chini ya yale majani makavu. Karibu na mche palilia kwa mkono tu, na ongeza majani yanapopungua. Waambie na watoto wanaokusaidia kupalilia, maana wao hawataiona mizizi hiyo mpaka jembe limeshaikata.