Waya wa Tatu



Kijana mmoja, baharia wa mashua ya mizigo katika Ziwa Tanganyika, aliniuliza hivi: “Bwana Mwalimu, tajiri wetu ameukata waya wa tatu wa kamba ya umeme tuifungayo gatini ili kujaza betri. Asema waya ule unakula vyuma vya mashua. Na kweli, betri zajaa kama zamani. Je, amekosa?”

Amekosa, tena kosa lake si dogo. Tutazame sababu.

Umeme wa gatini una nguvu ya volti 220, nao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Betri ya mashua ni ya volti 12, nayo yataka umeme uendao upande mmoja tu. Basi chaja iliyofungwa chomboni hufanya kazi ya mkalimani: huushusha umeme wa nchi kavu, huunyosha, kisha huipa betri kadiri ya volti 14 hata ijae. Kwa kazi hiyo waya mbili zatosha, mmoja wa kuleta na mmoja wa kurudisha. Ndiyo maana betri zajaa hata wa tatu ukikatwa.

Waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, ni mlinzi wa usiku. Mwizi asipokuja, waweza kudhani kwamba mlinzi anakula mshahara wa bure. Waya huo huunganisha kasha la chaja na injini na ardhi ya gatini. Siku waya wenye moto utakapogusa kasha ndani ya chaja, umeme utarudi pwani kwa njia hiyo, na swichi ya usalama itaukata. Lakini mlinzi akifukuzwa, kasha, injini na pangaboi lililomo majini vyote hushika volti 220. Dalili hakuna: taa zawaka, betri zajaa. Umeme hutafuta njia yake ndani ya maji.

Hapo ndipo penye hatari. Maji ya bahari, kwa chumvi yake, hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu. Maji baridi ya ziwa huupitisha vibaya kuliko mwili. Kwa hiyo mtoto aogeleaye karibu na mashua ndiye anayekuwa njia. Viungo vyake hukakamaa, huzama bila jeraha, na watu husema ziwa limemchukua.

Hata hivyo tajiri hakusema uongo. Waya wa tatu huziunganisha mashua zote za gati moja, na vyuma vyake vilivyomo majini huwa kama betri moja kubwa. Vipande vya zinki vilivyowekwa kulinda vyuma huliwa upesi. Lakini dawa yake si kisu. Kuna chombo kifungwacho katika waya huo, ambacho huzuia umeme mdogo ulao vyuma, na huuacha umeme mkubwa wa hatari upite. Iko pia transfoma itengayo kabisa umeme wa mashua na ule wa pwani.

Tena shikeni haya manne. Kwanza, kamba ifungwe chomboni kabla ya gatini. Wakati wa kuondoka, ing’olewe gatini kwanza, mtu asije akashika ncha yenye moto. Pili, gati liwe na swichi ipimayo umeme uendao na urudio, na kukata mara tofauti ifikapo sehemu 30 katika 1000 za ampea moja. Kitufe chake cha kujaribia kibonyezwe kila mwezi. Tatu, betri ya risasi na asidi hutoa hewa ya hidrojeni inapojazwa. Fungueni mahali pake, wala msiwashe sigara karibu. Nne, mtu yeyote asiogelee penye mashua zilizofungwa umeme.

Basi, kijana wangu, umwendee tajiri wako kwa heshima, umwambie: zinki ikiisha, twanunua nyingine dukani. Mtoto hauzwi dukani. Tahadhari kabla ya hatari.